Nimetuma maombi 63, sasa mjomba ananipeleka masjala

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku huu wenzangu wa chumbani wakiwa wamelala. Niko mwaka wa tatu chuoni, nasoma takwimu. Likizo ndefu inaanza wiki tano zijazo, na kila mmoja wetu anatakiwa awe na mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo kwa wiki kumi na mbili, kitabu chake kijazwe na kusainiwa na msimamizi. Wenzangu wengi wameshapata. Mimi bado.

Si kwamba nimelala. Nina daftari nililolichora mistari: tarehe, jina la ofisi, nafasi, jibu. Hadi jana nimefika namba 63. Nilianza miezi miwili iliyopita, nikawa natuma kila jioni, siku nyingine kumi kwa mpigo, kwenye anwani za jumla ninazozipata kwenye tovuti. Safu ya majibu ni nyeupe karibu yote. Walionijibu ni wanne. Wawili walinishukuru kwa kuonyesha nia wakanitakia kila la heri. Mmoja ilijibu mashine, dakika ile ile niliyotuma. Wa nne ndiye aliyenipa moyo kisha akanichanganya. Tulichati kwenye simu, akaniuliza maswali matatu mepesi, akasema nimepita usaili. Nilifurahi hadi nikampigia mama. Kesho yake akaniambia nitume kwanza ada ya usajili na kitambulisho, ndipo nipewe barua. Sijatuma, ila sijamkatalia pia. Kila siku ananikumbusha kwamba nafasi zinakaribia kujaa.

Mama alipoona hali hii akamwambia mjomba. Mjomba akaongea na rafiki yake, nikapata nafasi ofisini kwao, bila malipo, masjala. Nitakuwa napokea barua, nagonga mhuri, naandika kwenye rejesta na kuingiza kwenye mafaili. Shangazi, nasoma takwimu! Natakiwa nitoe jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Nikimwambia mama kwamba sitaki, ananiuliza mjomba atauweka wapi uso wake. Na mimi ndiye niliyekuwa nawasema wenzangu waliopata nafasi kwa koneksheni.

Rafiki yangu mmoja ana suluhisho lake. Kaka yake ana kampuni ndogo ya kompyuta. Anasema niandike kwenye wasifu wangu kwamba niliwahi kufanya kazi pale miezi sita kama mchambuzi wa data, na kaka yake akipigiwa simu ataitikia. Anasema kila mtu anafanya hivyo, bila uzoefu hakuna atakayekutazama. Ni kweli sina uzoefu wowote, ukiacha mwaka jana nilipomsaidia mkutubi kuhesabu watu maktaba kila saa kwa wiki tatu. Nilimchorea grafu, naye akasogeza muda wa kufunga kutoka saa mbili usiku hadi saa nne. Lakini hiyo si kazi.

Kuna pia dada mmoja aliyemaliza mwaka wangu wa kwanza. Alikuwa kozi yetu, aliniazima madaftari yake ya nadharia ya uwezekano. Sasa anafanya kazi ya data hasa, ile ninayoitamani. Nimefungua ukurasa wake mara nyingi nikitaka kumwandikia, nikafunga. Miaka miwili sijamsalimia. Nikijitokeza leo ataona nimemkumbuka kwa sababu nina shida.

Nimeambatisha barua yangu ya maombi uione. Nikubali masjala? Nimsikilize rafiki yangu? Au niendelee kutuma hadi nifike mia?

Wako,
Bahasha Mkononi

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Naanza na huyo wa ada, maana wengine wanaweza kusubiri, yeye anakuharakisha. Mwajiri ndiye anayemlipa mfanyakazi. Anayekuomba pesa ili akupe kazi, iitwe ada ya usajili, sare, mafunzo au kitambulisho, anafanya biashara na bidhaa ni wewe. FTC, tume ya serikali ya Marekani inayowalinda watumiaji, huwaonya watafuta kazi kwa maneno hayo hayo: usilipe ili upate kazi. Ukiwa bado na shaka, itafute wewe namba ya hiyo kampuni, usitumie aliyokupa yeye, upige uulize kama wanamjua na kama hiyo nafasi ipo. Usimtumie pesa wala nakala ya kitambulisho chako kabla hujapata jibu. Na usione aibu kwamba ulimpigia mama ukiwa na furaha. Watu hawa wanajua mtu aliyenyimwa majibu 59 anavyolipokea la sitini.

Sasa yaliyobaki. Nikikusikia vizuri, unaniuliza jambo moja lakini yamo matatu. Unahitaji mahali ambapo kitabu chako kitasainiwa, na hilo lina tarehe. Unataka pa kuanzia katika fani yako, na hilo halifungwi Ijumaa ya wiki ijayo. Halafu kuna jinsi unavyotaka kuonekana, mbele ya mjomba, ya wenzako uliowasema, na ya dada yule wa madaftari. Hili la tatu naona ndilo linalokunyima usingizi, ingawa umeliandika kidogo kuliko yote.

Nimeifungua barua yako. Jina la faili ni "barua mpya mwisho kabisa 2". Nimecheka, nisamehe, hata mimi ninayo ya namna hiyo. Ila atakayeifungua asubuhi akiwa na rundo la barua hatacheka, na akitaka kuitafuta tena kesho hataipata. Liwe jina lako na nafasi unayoomba, basi.

Ndani inaanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na kwa uangalizi mdogo." Nimeisoma mara mbili nikitafuta takwimu, sikuziona. Barua hii angeweza kuituma dereva, mhasibu au mpishi bila kubadili neno. Kwangu mimi umeandika jambo lililonifanya nisimame kusoma, ukalificha nyuma ya "ukiacha" na kulifukuza kwa "lakini hiyo si kazi". Wiki tatu ulihesabu watu kila saa. Ulipanga namna ya kuhesabu, ukakusanya, ukachora, ukamweleza mtu asiye wa fani yako, naye akabadili uamuzi. Mchambuzi wa data anayelipwa mshahara hufanya nini zaidi ya hapo? Tofauti ni kwamba yeye ana meza.

Jaribu kuifungua barua kwa hilo: "Mwaka jana nilihesabu wasomaji wa maktaba ya chuo kila saa kwa wiki tatu. Grafu nilizochora zilimfanya mkutubi asogeze muda wa kufunga kwa saa mbili." Sentensi mbili. Kisha sema unajua kutumia programu zipi, na kwa nini umeichagua ofisi hiyo na si ya jirani. Wasifu wako nao uwe na kichwa kinachoitwa "kazi nilizofanya", na maktaba ikae juu kabisa. Halafu nenda kwa mkutubi huyo umwombe mistari michache ya kukutambulisha. Sijui kwa nini hujaenda. Nadhani umeshajiaminisha kwamba haikuwa kazi, ukaona aibu kuiombea barua.

Hizo 63 ningependa uzitazame upya kama mtu wa takwimu, siyo kama mtu aliyeumia. Ngapi zilikuwa na tangazo kweli, na ngapi zilikwenda kwenye anwani ya jumla ambayo pengine hufunguliwa na mtu asiye na mamlaka ya kupokea mwanafunzi? Ngapi zilifika wakati nafasi zimeshagawiwa? Kampuni kubwa za Marekani na Uingereza, kwa mfano, hufungua maombi ya mafunzo ya kiangazi miezi mingi kabla, nyingine tangu Agosti au Septemba ya mwaka uliotangulia. Anayeanza miezi mitatu kabla ya likizo huko atakuta mlango umefungwa hata awe hodari vipi. Kwenye kampuni hizo pia maombi hupita kwanza kwenye programu inayotafuta maneno yaliyomo kwenye tangazo. Kama tangazo linasema "uchambuzi wa data" na wewe wajua kuufanya lakini umeandika "masuala ya takwimu", unaweza kukosa kuonekana. Tumia maneno yao pale yanapokuwa ya kweli kwako, na uache picha na majedwali ya mapambo ambayo mashine huyasoma vibaya. Ofisi ndogo ni habari nyingine. Huko mara nyingi hakuna tangazo kabisa, anayeamua ni mtu mmoja, na simu au kufika mwenyewe vinaweza kufanya zaidi ya barua pepe kumi.

Kwa hiyo ukimya huo sijui kama wote ni kukataliwa. Naona una takwimu ya barua zilizotumwa, hatuna ya barua zilizosomwa.

Tuje kwenye koneksheni, neno ulilolitema kama lina uchungu. Lina uchungu kweli pale nafasi inapotolewa kwa jina la ukoo na wengine wakazungushwa tu. Lakini ndani ya neno hilo mmebanana vitu viwili: kupewa nafasi, na kupewa habari kwamba nafasi ipo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa Newton, kitongoji cha Boston, wenye kazi za kitaaluma, kiufundi na za umeneja, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Wale waliopata habari ya kazi kupitia mtu aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na 27.8 kwa nadra. Ukitafakari inaingia akilini. Mwenzako wa chumbani anasoma ubao ule ule wa matangazo unaousoma wewe. Habari mpya iko kwa mtu aliyeondoka akaenda kukaa kwingine.

Mwaka 2022 jarida la kisayansi liitwalo Science lilitoa utafiti mkubwa zaidi kuhusu jambo hilo, wa watu zaidi ya milioni 20 kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, katika kipindi cha miaka mitano. Granovetter hakuangushwa, alirekebishwa: waliosaidia zaidi hawakuwa wale mnaojuana kidogo kabisa, walikuwa wa katikati, watu mnaofahamiana kiasi na mnaoshirikiana marafiki kadhaa. Nilipofika hapo nikamfikiria dada yako wa madaftari.

Unaogopa ataona umemkumbuka kwa shida. Huenda ataona hivyo. Lakini jiulize, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo akikuandikia, "niliwahi kuazima daftari lako, naomba unielekeze jambo moja", wewe ungekasirika? Mimi naona ungejibu kabla hujamaliza kusoma. Tatizo huja unapomwomba kitu ambacho hana, yaani kazi. Dada huyo pengine ndiyo kwanza amemaliza muda wa majaribio, nafasi hana mfukoni. Anachoweza kukupa ni dakika kumi na tano za kukueleza alivyoingia, nani hupokea wanafunzi, na barua yako imekaaje. Huo ndio mzigo anaoweza kuubeba bila kuinama.

Usijitetee kwa aya nzima kuhusu miaka miwili ya kimya. Mwambie wazi: "Ni mimi uliyeniazima madaftari ya uwezekano nikiwa mwaka wa kwanza. Nimekaa kimya muda mrefu, samahani. Natafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo na naona unafanya kazi ninayotamani kuijua. Ungekuwa na dakika kumi na tano wiki hii nikuulize ulivyoanza?" Asipojibu, umepoteza ujumbe mmoja. Mhadhiri anayekufahamu, ofisi ya chuo inayosimamia mafunzo, waliomaliza kabla yako, hao wote ni wa katikati pia. Na kwa wanafunzi wa sayansi na ufundi kuna IAESTE, mpango wa kubadilishana wanafunzi wa mafunzo kati ya nchi, ulioanzishwa mwaka 1948, na nafasi zake huja na posho ya kujikimu. Kwa likizo hii umechelewa. Kwa inayofuata, uliza chuoni kwenu kama wana mwakilishi.

La rafiki yako sitalizungusha sana. Miezi sita ya uongo inataka miezi sita ya maelezo. Msaili mwenye uzoefu hataishia kumpigia kaka mtu, atakuuliza data ilitoka wapi, ilikuwa na kasoro gani, ulizirekebishaje. Ukipita, unaanza kuishi nayo. Marilee Jones aliajiriwa katika MIT, chuo kikuu maarufu cha Marekani, mwaka 1979 akiwa amedai shahada ambazo hakuwa nazo. Alifanya kazi, akapanda hadi kuwa mkuu wa udahili, akaheshimika. Mwaka 2007 ikajulikana, akajiuzulu, baada ya miaka 28. Kinachonisikitisha kwake ni kwamba uhodari alikuwa nao wa kweli. Na wewe una maktaba ya kweli, unataka kuibadilisha kwa kampuni ya uongo? Rafiki yako simwoni kuwa mtu mbaya, anakupenda. Ila kuna anachoweza kukufanyia kikubwa zaidi: akuombee kwa kaka yake ufanye pale jambo halisi, hata la wiki mbili. Kampuni ndogo haikosi mahesabu ya wateja ambayo hakuna aliyewahi kuyakalia kitako.

Nimeacha masjala mwisho kwa sababu sina jibu lake, na sidhani ni haki yangu kuwa nalo.

Kabla ya lolote nenda kwa mratibu wa mafunzo umuulize kama masjala inakubalika kwa kozi yenu. Akisema hapana, mjomba hana cha kukasirikia na mjadala umekwisha. Akisema ndiyo, ndipo fikiri. Ukikubali, hatari yake ni wiki kumi na mbili za mhuri, kutoka kitabu kimejaa na kichwa kitupu, na tena kwa nauli yako, kwa kuwa hakuna malipo. Hilo la kutolipwa lina ubishi mahali pengi: Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi wake wa mafunzo, ILO, shirika la kazi la umoja huo, huwalipa posho, na Ufaransa sheria inamtaka mwajiri alipe mafunzo yakizidi miezi miwili. Kwako swali ni dogo zaidi: nani atagharamia hizo wiki, na mnazo? Ukikataa, hatari ni kufika likizo bila mahali, na ukimya nyumbani, ambao nao una gharama yake.

Lakini niruhusu niichungulie hiyo rejesta kidogo. Barua inaingia, inagongwa mhuri wenye tarehe. Inatoka masjala kwenda meza fulani, tarehe. Inajibiwa, tarehe. Mwanangu, hiyo ni data iliyolala hapo miaka, inamsubiri mtu wa kuuliza: barua hukaa siku ngapi kabla ya kujibiwa, na hukwama meza ipi? Ulishafanya kitu kama hicho maktaba bila kuambiwa na mtu. Mkuu wa ofisi anaweza kukukubalia uifanye kazi hiyo nusu ya siku, akiombwa kabla hujaanza, na akuwekee sharti la usiri. Anaweza pia kukwambia ugonge mhuri unyamaze. Hilo halijulikani kwa kubashiri, linaulizwa.

Na anayeweza kuuliza ni mjomba. Umeandika kuhusu uso wake, hujaandika popote kwamba umezungumza naye. Maneno yote yamepitia kwa mama. Vipi ukimwendea mwenyewe, umshukuru, umweleze unasoma nini hasa (sina hakika anajua takwimu ni nini), umuulize kama rafiki yake angekubali hilo la rejesta, au siku tatu kwa wiki, au kama kuna idara nyingine inayoshika namba? Pengine alisema masjala kwa sababu ndicho kiti alichokijua. Huenda akaudhika pia, wajomba huudhika. Lakini ukikataa baada ya mazungumzo hayo, hutakuwa umekataa kwa mdomo wa mama.

Kuhusu waliopata kwa kushikwa mkono ukawasema, hilo lenu, mtalimaliza wenyewe mkikutana.

Una siku kadhaa hadi Ijumaa hiyo. Mkutubi yuko umbali wa kutembea, dada wa madaftari yuko umbali wa ujumbe mmoja. Namba 64 inaweza kusubiri hadi uwe umewaona hao wawili. Kisha niandikie uniambie mkutubi alisemaje, nina hamu ya kujua. Na ukimwandikia huyo dada, tafadhali usianze na "husika na kichwa cha habari hapo juu".

Shangazi yako